Ngoma Uani kwa Mtemi

Wahenga walituachia methali ili tusiurudie ujinga wao, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwanzoni mwa miaka ya thelathini, mvua za kwanza zilipogusa kijiji kimoja cha Shinyanga, Bwana Shauri, mkuu Mzungu wa wilaya, aliamuru kila mwanamume aache jembe, ashike shoka, akafyeke pori la mbung'o mwezi mzima. Jilala, manju, yaani kiongozi wa nyimbo, wa ngoma ya Bagika, aliijua amri hiyo. Mwaka uliotangulia alifyeka, akachelewa kupanda mtama, na njaa ikamchukua mwanawe wa kiume. Alibakiwa na Zipora, binti wa miaka minne.

Safari hii watu walikataa. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyokuwa paka na panya tangu enzi za mababu, viliketi pamoja uani kwa mtemi siku sita, kimya, mashoka chini. Walitaka ufyekaji usogezwe mpaka kiangazi, basi. Siku ya saba Bwana Shauri alikuja mwenyewe, amechoka, akasema yuko tayari kuwasikiliza. Aliomba msemaji mmoja.

Maige, manju wa Bagalu, alisimama. Jilala naye akasimama.

"Keti, Maige," alisema. "Uwanjani mwaka jana watu walinifuata mimi."

"Walifuata dawa zako za kuvuta watu. Leo tutaona."

Kwenye ngoma zao, mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Maige akaanza wimbo wa kejeli. Jilala akamjibu kwa mkali zaidi. Mkewe, Justa, alimvuta shuka.

"Baba Zipora, mwache aseme yeye. Mbegu bado ziko ndani."

Jilala hakugeuka. Watu waligawanyika, ngoma zikaletwa, fimbo zikainuliwa. Bwana Shauri alikunja karatasi yake, akamwambia mtemi kwamba hakuona ombi pale, aliona ngoma tu, na amri ibaki ilivyo. Kesho yake askari waliwaswaga wote porini, Bagika safu hii, Bagalu safu ile.

Mtama ulipandwa mvua zikiishia, ukakauka kabla ya kufika magotini. Zipora alizikwa kando ya kaka yake. Maige, ambaye naye alikuwa amezika watoto wawili, alikuja msibani, akaketi karibu na Jilala.

"Siku ile nani alishinda?" aliuliza.

Jilala alijua jibu. Aliyeshinda hakuimba hata ubeti mmoja. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.