Mbuzi Watatu wa Hoteli ya Kinyonga

Atakayesema hii ni uongo asimame sasa hivi, nimwone uso. Hakuna? Zuberi, wewe mwenye cheti, mbona umekaa? Mimi shule niliiacha darasa la tano, na si kwa ujinga. Mwalimu alikuwa ameishiwa maneno na mimi ndiyo kwanza naanza. Basi kaa hapo na cheti chako, usikilize.

Nikisema "Ngano", nyinyi semeni "Na ije".

Ngano.

— Na ije.

Ije mikono mitupu?

— Ije na mchuzi.

Mchuzi wa tone moja?

— Wa kulowesha kiwiko.

Hapo sawa. Zamani, zamani sana, babu wa babu yenu bado hajajifunza kuazima chumvi, alikuwapo fisi mmoja kijana jina lake Ndaro. Ndaro alimpenda binti mmoja wa kifisi, Mashavu. Alimpenda sana. Alimpenda mpaka akawa anaacha mfupa katikati, anakaa tu anatazama mbinguni. Fisi huyo. Mkimwona fisi anaacha mfupa, jueni mambo yamemfika.

Mashavu alikuwa na mama, Bi Kidawa. Bi Kidawa alikuwa mjane. Mumewe alikwenda kwenye harusi ya watu akala wali, akala nyama, akalamba sinia, kisha akaimeza ngoma. Ngozi, mbao na kamba. Mpaka wanamzika alikuwa bado analia du, du, du. Tangu siku hiyo Bi Kidawa aliapa: binti yangu haolewi na mlafi.

Ndaro akatafuta mshenga wa kumpelekea posa. Akampata Nungunungu. Nungunungu akaenda, akarudi.

"Amesemaje?" Ndaro akauliza.

"Hataki ng'ombe, hataki kanga, hataki shuka. Anataka kusikia unavyokula."

"Kusikia?"

"Wewe umelelewa wapi? Mkwe hamwangalii mkwe akila. Atakupa mgongo, wewe utampa mgongo, na masikio yake atayategesha. Ukila kistaarabu, binti ni wako. Ukila kama marehemu, usirudi tena kwenye mlango ule."

Ndaro akameza mate. "Tutakula wapi?"

"Kwa Kinyonga," akasema Nungunungu. "Wakubwa wote wanakula kwa Kinyonga."

Sasa sikilizeni hoteli hiyo. Kwa Kinyonga, sahani moja ilikuwa mbuzi mmoja. Unakuja na mbuzi wako mwenyewe, unamkabidhi mlangoni, unaketi. Watu walipapenda sana. Walipapendea nini? Walipapenda kwa sababu jirani zao hawakuweza kuingia. Ndaro alikuwa na mbuzi watatu tu duniani, hana kingine ila manyoya yake. Akawafunga kamba wote watatu, akaenda nao.

Wakaketi kwenye jamvi. Ndaro akatazama mashariki, Bi Kidawa akatazama magharibi, mgongo kwa mgongo. Nungunungu akakaa katikati, miiba yake ikiwa tayari. Jua lilikuwa utosini. Ndaro hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, ili apate nafasi.

Kinyonga akatoka na sahani ya kwanza. Mnamjua anavyotembea. Mguu mbele, mguu hewani, anafikiri. Mguu mbele, mguu hewani, anafikiri tena. Sahani ilikuwa pana kama ungo. Katikati ya ungo pana kitu kama ukucha wa mtoto mchanga. Pembeni mchuzi umechorwa mstari, kama mtu aliyekuwa anajaribu kalamu.

"Ncha ya sikio la mbuzi," akasema Kinyonga, akageuka rangi ya kijani kwa maringo. "Imelazwa juu ya jani moja la mchicha. Msiile haraka."

Ndaro akaitazama. Akaitafuta. Akaiona. Akaiweka ulimini, ikapotea kwenye jino.

"Na mbuzi mwenyewe yuko—"

Nungunungu akamchoma mwiba wa ubavuni. Chwi.

"Mwambie mama," akasema Ndaro, macho yakimtoka, "nimeshiba."

Nungunungu akageuka upande wa pili. "Mama, kijana ameshiba."

"Mwambie kijana," akasema Bi Kidawa, "na mimi nimeshiba."

Hapo tumbo la mtu likanguruma. Gruuu.

"Mvua hiyo," akasema Nungunungu. Na mbingu ilikuwa nyeupe kama chokaa.

Kinyonga akatoka na sahani ya pili. Mguu mbele, mguu hewani, anafikiri. Sahani ilikuwa pana kuliko ya kwanza. Katikati pana povu. Ndani ya povu pana unywele mmoja umesimama.

"Ncha ya mkia wa mbuzi," akasema Kinyonga, akageuka manjano. "Ndani ya povu la maziwa yake. Msilipumulie, litaondoka."

Ndaro akapumua. Likaondoka.

"Jamani, hiki ni cha—"

Chwi, mwiba wa pili. Ndaro akaona nyota mchana.

"Mwambie mama nimeshiba sana."

"Mama, kijana ameshiba sana."

"Mwambie kijana mimi nimeshiba kuliko yeye."

Gruuu, gruuu.

"Jiwe limeporomoka mlimani," akasema Nungunungu. Na pale kwao hapana mlima. Zuberi, usiniulize habari za mlima.

Kinyonga akatoka na sahani ya tatu, imefunikwa kawa zuri la ukindu wa rangi. Ndaro akapata matumaini. Kitu kikifunikwa kawa, ndani pana kitu, sivyo mlivyolelewa? Kinyonga akalifunua taratibu. Moshi kidogo ukatoka. Chini ya moshi pana sahani.

"Nyama iko wapi?" akasema Ndaro.

"Umeikosa," akasema Kinyonga, akageuka zambarau. "Mbuzi wa tatu alipitishwa karibu na jiko. Hiyo ilikuwa harufu yake."

Chwi. Kwa mwiba huo Ndaro hakuwa amelalamika bado, Nungunungu alimchoma kwa tahadhari tu.

"Mwambie mama," akasema Ndaro, na machozi yanamlengalenga, "nimeshiba mpaka sioni."

"Mwambie kijana," akasema Bi Kidawa, na sauti yake nayo ilikuwa nyembamba, "nikiongeza tonge moja nitapasuka."

Kinyonga akasimama katikati ya ukumbi, wakubwa wote wanamtazama, akatangaza: "Wageni wangu wamemaliza mbuzi watatu. Wamewala wote, hakuna kilichobaki." Wakubwa wakapiga makofi kwa vidole viwili viwili. Makofi mazito hawakuyaweza, walikuwa hawajala.

Ndaro akamnong'oneza Nungunungu, "Nakwenda kunawa mikono." Akatoka kwa kushoto. Bi Kidawa hakumwona, alikuwa amempa mgongo. Naye akasema, "Nakwenda kunawa." Akatoka kwa kulia. Nungunungu akabaki peke yake, analinda sahani tupu.

Pua ya fisi mnaijua. Ya Ndaro ilimvuta mpaka nyuma ya hoteli, nyuma ya kuni, chini ya kibanda cha makuti. Hapo palikuwa na sufuria. Si sufuria ya kuchezea. Ukimtia ndani ng'ombe anageuka bila kugusa ukingo. Nusu ugali, nusu maharage ya nazi, na mvuke unapanda. Pembeni yake wamefungwa mbuzi watatu wanacheua. Mmoja sikio lake limepungua ncha. Wa pili mkia wake umepungua unywele. Wa tatu mzima kabisa.

"Nyinyi si mlishaliwa?" akasema Ndaro.

"Mimi walinigusa sikio tu," akasema mbuzi wa kwanza. "Nyinyi mlikula nini?"

Ndaro alikuwa ameshaingiza kichwa sufuriani. Akala. Akala kwa miguu ya mbele. Akala mpaka akafika katikati, na hapo katikati paji la uso wake likagonga paji jingine. Ko.

Akatulia. Paji la pili nalo likatulia. Ndaro akainua jicho moja. Akaona sikio analolijua, lenye hereni ya fedha. Sikio la mama yake Mashavu. Na mama yake Mashavu, shavu limejaa ugali, maharage yananing'inia kidevuni, naye alikuwa amemwona.

Hapo moyo wa Ndaro ulikufa. Akajua binti amekwenda. Na Bi Kidawa naye alijua heshima yake imekwenda. Wote wawili wakafanya jambo ambalo mkwe yeyote mwenye adabu angelifanya: wakafumba macho. Mkwe hakumwona mkwe. Na kwa kuwa hakuna aliyemwona mwenzake, wakaendelea kula.

Wakala kidogo. Kisha Ndaro akatambua kwamba maharage yote yako upande wa pili, na kuzungumza na mkwe bila mshenga ni utovu wa adabu, na mshenga yuko ukumbini.

"Mbuzi," akasema Ndaro, macho amefumba.

"Labeka," akasema mbuzi wa sikio.

"Mwambie aliyeko huko, kama yupo, asogeze maharage."

"Uliyeko huko," akasema mbuzi, "unaombwa maharage."

Maharage yakasogea. Wakala.

"Mbuzi," akasema Bi Kidawa.

"Labeka, mama."

"Mwambie aliyeko huko, kama yupo. Mwambie Mashavu naye hula hivi hivi. Aje amchukue Ijumaa."

Ndaro alilia ndani ya ugali. Si kwa huzuni.

Walipomaliza wakarudi, mmoja kwa kushoto, mmoja kwa kulia, wakaketi mgongo kwa mgongo. Nungunungu aliwaona wamevimba matumbo, akadhani ni ile harufu.

Bi Kidawa akamwita Kinyonga, na safari hii kwa sauti ya kifisi hasa. "Mpishi. Umesema mbuzi wetu tumewala wote?"

"Wote watatu, mama."

"Hakuna aliyebaki?"

"Hakuna hata ukwato."

Bi Kidawa akageukia mlango wa nyuma akaita, "Mbuzi."

"Labeka, mama," ikaja sauti kutoka nyuma.

Kinyonga akageuka kijani, akageuka manjano, akageuka zambarau, rangi zikamwishia, akabaki kama majivu. Bi Kidawa akasema, "Kama nimemla na bado ananiitikia, basi ni wangu, atakuwa anataka kutoka." Wakawafungua mbuzi wakaondoka nao. Na wale wakubwa ukumbini mmoja mmoja akaanza kuita jina la mbuzi wake, na kila jina likaitikiwa kutoka zizini, nyuma ya kibanda. Mpaka jua linashuka Kinyonga alikuwa hana mbuzi hata mmoja. Ndiyo maana mpaka leo yuko juu ya mti, anaogopa kushuka, na kula yake ni nzi.

Funzo lake, na wewe mwenye cheti uandike: ukiwa na njaa, sema una njaa. Usijikaze useme umeshiba ili mwenzako akuheshimu, pengine naye anajikaza ili umheshimu wewe, na anayepata faida ya kujikaza kwenu ni mwenye hoteli.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa na ladha, gawaneni. Ikiwa imepooza, niachieni mimi, nina tumbo la kuibeba.

Haya, mbona mnainuka? Kaeni kidogo. Kuna kipande nimekiruka.

Ile sufuria haikuwa ya Kinyonga. Ilikuwa ya waosha sahani. Bi Ngedere na wenzake saba, walikuwa wameamka alfajiri, wameosha zile sahani pana kama ungo, na kile ndicho chakula chao cha mchana. Walipokuja na mikono yao imelowa wakakuta sufuria imelambwa mpaka inang'aa. Haikuhitaji hata kuoshwa. Wakanywa maji, wakarudi kazini. Na Ndaro hakugeuka nyuma, wala mkwewe.

Hapo huwa napita haraka, kwa sababu hapo watu huacha kucheka. Ngano hii nilipewa na mama yangu. Mama anaosha sahani kwenye hoteli moja kubwa ya mjini. Yeye akiisimulia huanzia pale kwenye sufuria, mikono imelowa. Na wale fisi hawapi hata majina.