Kiboko Ataka Toleo Kuu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya watu waliokula jana? Paukwa!

— Pakawaaa!

Kukawa na nini?

— Kukawa na Kiboko na tumbo lake!

Hapo sawa. Pukuchueni mahindi huku mnasikiliza. Na wewe shemeji, weka chini hiyo simu. Kila siku inakuuliza kama umekubali, kila siku unakubali, na hujui umekubali nini.

Zamani, lakini si zamani sana maana umeme ulikuwa umeshafika, alikuwako Kiboko, mtemi wa bwawa. Usemi wake ulikuwa mmoja tu: "Kikubwa changu, kidogo chenu." Akiona gunia lililojaa: "Kikubwa changu." Akiona mti wenye kivuli kipana: "Kikubwa changu, ondokeni." Wanyama wanaondoka, wanakaa juani wanakunja nyuso.

Mnauliza kwa nini walimvumilia? Walikuwa wamevunja naye kijiti. Katika nchi ile watu wakipatana jambo, huyu anashika kijiti huku, yule anashika kule, kwa! kinavunjika. Basi, jambo limekwisha, halirudi nyuma. Bwawa lile Kiboko alipewa kwa kijiti. Walivunja harakaharaka, bila kuuliza maji watachotea wapi, halafu wakaanza kulalamika. Msinitazame mimi, mimi sikuwepo.

Sasa, pembeni ya uwanja wa mnada alikuwako Nguchiro. Yule mnyama mdogo, mrefu kama soksi, anayepigana na nyoka. Alikuwa na kibanda, printa, na kakompyuta kadogo. Swala akitaka barua ya kuomba kazi, kakompyuta kanachapa. Tumbili akitaka picha za pasipoti, kanachapa. Kakichapa, watoto wa Nguchiro wanakunywa uji. Kasipochapa, hawanywi. Hakuna shamba, hakuna ng'ombe, hakuna mjomba Dar. Ni hako tu.

Siku ya mnada akatua Korongo kutoka mjini, puu! na mkoba wake.

"Nauza mifumo ya kompyuta!" akatangaza. "Mfumo ndio unaoiamsha mashine. Bila mfumo, kompyuta ni sinia tu. Ninayo matoleo matatu. Toleo la Nyumbani, jepesi, halisumbui. Toleo la Kazini, la wenye ofisi. Na Toleo Kuu..."

"Kikubwa changu!" Kiboko akanguruma kutoka majini.

"Sijamaliza, mheshimiwa. Toleo Kuu linataka mashine yenye nguvu. Na leseni yake ni ya mashine moja tu. Likiingia humo, halihamishwi mpaka mashine ife. Umesoma masharti?"

"Masharti wasome wadogo," akasema Kiboko. "Mimi nabonyeza."

"Sawa. Mashine yako iko wapi?"

Mtemi hana mashine. Amenunua tandiko, punda hana! Akageuza kichwa huku, akageuza kule, macho yakatua kwenye kibanda cha Nguchiro.

"Ile pale," akasema.

Akapanda mnadani, ti! ti! ti! akang'oa waya, chwap! akakabeba kakompyuta.

"Mheshimiwa, nakuomba!" Nguchiro akamshika mguu. "Wanangu wanakula kwa hako!"

"Wanao ni wadogo," akasema Kiboko. "Watakula kidogo. Korongo, kesho asubuhi uje uniwekee Toleo Kuu."

Nguchiro akakaa chini akalia. Alilia kweli, kwa sauti, kwa sababu anajua kulala njaa kukoje. Akatukana pia, lakini hayo siyasemi mbele ya wakwe zangu. Alipomaliza akajifuta pua, akamfuata Korongo.

"Baba, hayo masharti naomba niyasome."

Korongo akashtuka. "Tangu nianze kazi hii, hakuna aliyewahi kuniomba." Akampa.

Nguchiro akasoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya mwisho yanayofanana na mayai ya chawa. Moyo ukamlipuka. Kakompyuta kake kalikuwa kadogo, lakini ndani kana nguvu, Toleo Kuu lingekatosha vizuri. Likiingia humo kesho, leseni itakaa humo, na Kiboko hataachia tena. Akasoma mara ya pili. Safari hii akatabasamu. Muogope nguchiro akitabasamu, jamani.

Asubuhi akaenda bwawani.

"Shikamoo mtemi."

"Marahaba. Umekuja kulia tena?"

"Nimekuja kukupongeza. Ila naona haya kusema..."

"Sema!"

"Toleo Kuu, la mtemi, likae kwenye kakitu kanakoingia kwapani? Wewe unalala bwawa zima. Watu wa mnadani watasemaje?"

Kiboko akakatazama kakompyuta. Kweli, mbele ya tumbo lile kalionekana kama kipande cha sabuni.

"Bahati yangu," Nguchiro akaendelea, "nimepata mashine nyingine kule kwenye kiwanda cha pamba kilichokufa. Kubwaa! Ukubwa wa kabati la bi harusi. Kioo chake kina mgongo nyuma. Lakini tafadhali mtemi, ile nimeiona mimi, hiyo niachie..."

"Kikubwa changu!"

"Mheshimiwa, ni ya zamani. Haina nguvu. Haikidhi masharti. Nakwambia mbele ya Korongo huyu anayekuja."

"Unadanganya, unaitaka wewe! Kikubwa changu, kidogo chenu. Chukua haka."

"Basi tuvunje kijiti," akasema Nguchiro kwa sauti ya mfiwa.

Kwa! Kijiti kikavunjika. Kakompyuta kakarudi kwapani mwa mwenyewe.

Punda wakaliburuta lile limashine mpaka bwawani, grrr, grrr, huku panya wakiruka kutoka tumboni mwake wakikimbiza watoto wao. Wanyama wote wakajaa. Korongo akachomeka waya. Limashine likakohoa, likatoa vumbi, likaunguruma: ngurrr, ngurrr, ngurrr.

"Mnasikia?" Kiboko akajigamba. "Hiyo ndiyo nguvu."

Kioo kikatoa maandishi mekundu. Korongo akasoma: "Mashine hii ni dhaifu. Haiwezi kubeba Toleo Kuu. Unarudi, au unaendelea?"

"Dhaifu nani?" Kiboko akafoka. "Linaniita mimi dhaifu mbele za watu?" Akabonyeza Endelea, ta!

Yakaja masharti ya leseni. Yakashuka, yakashuka, yakashuka.

"Umesoma masharti, mheshimiwa?" Nguchiro akauliza kwa upole.

"Masharti wasome wadogo. Mimi nabonyeza." Akabonyeza Nakubali, ta!

Korongo akafunga mkoba, akabeba mahindi ya malipo, ambayo ni ya nani? Ya watu, enhe. Prrr, akaruka zake. Kioo kikaandika: Subiri kidogo.

Kiboko akasubiri. Ngurrr. Jua likapanda. Subiri kidogo. Jua likashuka. Subiri kidogo. Mnada mwingine ukaja ukapita. Ngozi ya mtemi ikaanza kupasuka kwa ukavu, hathubutu kuingia majini, asije mdogo mmoja akaligusa Toleo Kuu lake. Wanyama wakichota maji wanapita wanamsalimu: "Limewaka, mtemi?" "Linakaribia." "Limewaka?" "Linakaribia, kwani nyinyi mna haraka gani?"

Mwishowe akachoka, akaja kibandani, ti! ti! ti!

"We Nguchiro, lete kakompyuta! Toleo Kuu nalihamishia humo."

Nguchiro hakusimama hata. "Leseni yako ni ya mashine moja, ulikubali. Na haka tulivunjia kijiti."

"Kijiti ni kijiti tu! Naweza kukirudisha nyuma nikitaka!"

Mnada wote ukageuza vichwa. Mbuzi waliokuwa wanalia wakaacha.

"Ahaa," akasema Nguchiro. "Kumbe kijiti kinarudi nyuma. Jamani mmesikia? Mtemi mwenyewe kasema. Sasa na kile kilichompa bwawa..."

Nyati akasogea. Swala akasogea. Hata Kobe akasogea, ikabidi wamsubiri.

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. "Nilikuwa natania," akasema. "Kijiti ni kijiti. Mimi nimekuja tu... kuandikiwa barua. Ya kumlalamikia Korongo."

"Karibu sana, mteja. Herufi za ukubwa gani?"

"Unauliza? Kubwa kuliko zote!"

"Malipo ni kwa kila karatasi, imeandikwa pale ukutani. Umesoma masharti?"

"Masharti wasome wadogo!"

Printa ikaanza: zii, kwaru, zii, kwaru. Karatasi ya kwanza ikatoka na herufi moja: K. Imejaa ukurasa. Karatasi ya pili: W. Ya tatu: A. Magunia yakaanza kutoka bwawani kuja kibandani. Mpaka leo barua haijafika kwenye malalamiko, bado wako kwenye "Kwako ndugu Korongo, salamu nyingi". Watoto wa Nguchiro wameota mashavu.

Mnauliza kama Nguchiro aliwarudishia wenyewe magunia yao? Nani kawaambia Nguchiro ni mtume? Na wao walivunja kijiti bila kuuliza.

Funzo, wanangu: ukinunua, chukua kikubwa. Usiulize mashine yako inaweza nini, utaonekana maskini. Masharti usisome, ni marefu, yanaumiza macho. Wewe bonyeza tu. Kila penye bwawa pana kibanda cha kukuandikia malalamiko.

Ngano yangu nimeizima hapo. Ikiwa tamu, niliipika mimi. Ikiwa chungu, mlikubali wenyewe mlipoitika pakawa.