Viboksi Viwili vya Moto

Wapendwa, kaeni vizuri. Yule mkulima wa mifano yangu leo nimempa likizo. Amepanda, amepalilia, ameliwa mahindi na nyani mwaka mzima humu ndani, mwacheni apumzike. Leo nawapeleka gereji. Na nyie akina mama mnaotazamana, msiwe na wasiwasi, hakuna atakayechafuka kwa oili. Mkitoka hapa mtajua jambo ambalo waume zenu hujifanya wanalijua.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyelipenda gari lake kuliko usingizi. Lilikuwa gari la zamani. Yeye alilifumua mpaka ikabaki bodi tupu, akalisuka upya kwa ajili ya mbio za magari za mkoa wao, zile za barabara ya vumbi. Kazi ya miaka minne hiyo. Dereva ni yeye, na msoma ramani, yule anayekaa kushoto akimwambia dereva kona inayokuja, ni mke wake. Mnaiona ndoa hiyo? Mwanamke anasema kata kulia, mwanamume anakata kulia na hauulizi moyo wake. Mimi nilipofika hapo tu nilitaka nianze kuhubiri.

Lakini mtu huyu alikuwa na aibu moja. Mara tatu aliingia kwenye mbio, mara tatu gari lilimzimikia njiani, na mara tatu alirudi mtaani akivutwa na trekta kwa kamba. Watu wakaacha kumwita Baba Tumsifu. Wakamwita Mzee wa Kamba. Mkewe akienda sokoni kununua mchicha, wanamuuliza kama wamfungie kwa kamba. Kwa hiyo mtu huyu hakuwa akitafuta kombe. Alitaka kitu kimoja tu, kuvuka mstari wa mwisho na gari lake likiunguruma lenyewe, kisha arudi nyumbani bila kamba. Na mkewe alishamwambia kwa upole kabisa, ule upole wa kutisha, kwamba safari hii wakivutwa tena, kwenye kile kiti cha kushoto yeye harudi.

Sasa sogeeni karibu. Injini haiendi kwa mafuta peke yake. Lazima pawe na cheche ya kuyawasha yale mafuta. Na mafundi wetu cheche hiyo wanaiitaje? Wanaiita moto. Fundi akikwambia gari halina moto, hamaanishi limepoa, anamaanisha cheche haifiki kwenye plagi, pale mafuta yanapowakia. Basi mtu wetu alikuwa ametoa mfumo wa zamani na kuleta viboksi viwili vya umeme vya kutengeneza cheche hiyo, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kimoja cha kazi, kimoja cha akiba. Cha kwanza kikigoma, unachomoa soketi huku unachomeka kule, unaendelea na safari. Mafundi wanaviita viboksi vya moto.

Swali likawa vifungwe wapi.

Fundi wake wa umeme alikuwa mama mmoja mtu mzima, aliyezeekea kwenye nyaya za matrekta ya mashamba ya mkonge. Aliiacha injini iungurume nusu saa, kisha akaanza kulipapasa gari kwa kiganja kama anapima homa ya mtoto. Akapapasa huku mbele, akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akapiga magoti pale anapoweka miguu msoma ramani, akapapasa ukuta wa chini ya dashibodi. Akasema ni hapo. Pakavu, pametulia, pana ubaridi, na Mama Tumsifu akinyoosha mkono anaifikia soketi bila kufungua mkanda.

Mwenye gari hakutaka kusikia. Yeye alishachagua mahali pake, tena pazuri kwa macho. Mbele kabisa, juu ya injini, jirani na bomba la moshi, kwenye bati alilolipiga msasa mpaka ukiinama unajiona ndevu.

"Mama, hivi si viboksi vya moto?" akauliza. "Basi kitu cha moto kikae kwenye moto."

"Vinatoa moto, baba," fundi akamjibu. "Havipendi moto."

Mmelisikia hilo? Narudia kwa wale wa nyuma, walio karibu na spika iliyokufa. Vinatoa moto, havipendi moto. Likalieni hilo, nitalirudia baadaye.

Ila ile ya kitu cha moto kukaa kwenye moto ilikuwa maneno tu. Sababu yenyewe ni hii. Katika mbio zile kulikuwa na desturi inaitwa boneti juu. Kabla ya kuondoka, magari yanapangwa kwenye uwanja wa mpira, yanafunuliwa boneti saa nzima, watu wanapita wakitazama injini, wakipiga picha, wakishangilia wanayoipenda. Mtu wetu alitaka boneti ikipanda, vile viboksi vyekundu ndivyo viwe vya kwanza kuonekana. Akamuuliza fundi, huko chini kwenye magoti ya mke wangu nani atavitazama? Na yule mama, bila hata kuinua uso kutoka kwenye nyaya zake, akasema, "Plagi zitavitazama."

Haikusaidia. Mtu akavifunga mwenyewe, skrubu nne nne, bega kwa bega. Fundi akamwomba basi walau kile cha akiba kikae ndani. Akakataa hicho nacho, eti kimoja kikibaki peke yake pale mbele kitaonekana kama jino moja.

Siku ikafika. Wapendwa, uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya magoli. Boneti zikapanda, na kwenye gari lake watu wakarundikana, wanasukumana, simu ziko juu, viboksi vyekundu vinang'aa kwenye lile bati. Walipoambiwa vile ndivyo viboksi vya moto, uwanja mzima ukaanza kuitikia, moto, moto, moto. Sauti ileile mnayonipigia mimi hapa Jumapili. Mtu alisimama mikono kiunoni. Wale wale waliomwita Mzee wa Kamba leo wanamwomba apige nao picha. Niambieni ukweli, nani kati yenu angeifunga ile boneti mapema?

Pembeni yake palikuwa na gari moja bovu kwa sura, rangi tatu tofauti, taa moja imeshikiliwa na gundi. Boneti ilipofunguliwa hakukuwa na cha kutazama. Watu wakapita.

Bendera ikashuka. Mtu wetu akaondoka kama ameitwa jina lake. Mke anasoma, kushoto, kulia, daraja, shuka gia, na mume anatii, vumbi linabaki nyuma, gari linaimba. Kilomita ishirini, arobaini, wamepita gari la kwanza, wamepita la pili. Wakati huo upepo unaingia kwa mbele, viboksi vinapata hewa, kila kitu ni kizuri. Unajua mtu akiwa kwenye kasi hata kosa lake linapata upepo? Mama Tumsifu, aliyekuwa hajacheka ndani ya lile gari tangu kamba ya kwanza, akacheka. Mume akaanza kuuona mstari wa mwisho kwa macho ya moyo.

Halafu wakafika kituo cha katikati, ndani ya mashamba ya mkonge. Hapo magari yanapangwa yakiunguruma na kuruhusiwa moja moja, na sheria ni kwamba hufungui boneti. Saa saba mchana. Robo saa nzima wamesimama, hakuna upepo, na joto lote la injini linapanda juu, linakaa pale kwenye bati linalong'aa.

Wakaruhusiwa. Wakaenda kilomita mbili. Gari likakohoa. Likakohoa tena, likanyamaza.

Mtu hakuogopa, ana akiba. Akaruka, akafungua boneti, akachomoa soketi, akachomeka kwenye kiboksi cha pili, akarudi akawasha. Kimya. Akajaribu mpaka betri ikaanza kuchoka. Kile kiboksi cha akiba hakikuwa kimefanya kazi hata dakika moja siku ile, wapendwa, lakini kilikuwa kimepikwa pamoja na mwenzake, kwenye bati lilelile. Na wakati ameinama pale, lile gari la rangi tatu likapita na taa yake ya gundi, likawafunika vumbi, likaenda zake.

Baada ya muda trekta likaja. Juu yake amekaa yule mama fundi, na kamba iko mapajani. Mtu alipoiona kamba akaketi chini kwenye vumbi, akajifunika uso. Mkewe akashuka, akasimama upande wa pili wa gari.

Fundi hakumcheka. Alikigusa kiboksi, akautoa mkono haraka. Akasema kamba ingoje kidogo, wakae mpaka viboksi vipoe. Wakakaa. Mama Tumsifu akatoa chupa ya maji na mayai ya kuchemsha, wakala. Wakasikia kwa mbali honi na vifijo, wakajua wa kwanza amevuka. Baadaye honi nyingine, na nyingine, mpaka kukawa kimya, na gari la waamuzi likapita kukusanya vibendera vya njiani. Mbio zimekwisha.

Ndipo fundi akagusa tena kile kiboksi, akauacha mkono juu yake. Akamwambia yule mtu awashe.

Akawasha. Gari likaitika mara ya kwanza. Likaunguruma vizuri kuliko asubuhi.

Wapendwa, mtu yule alilia kuliko lilipozima. Mnaelewa kwa nini? Angekuta vimeungua angelaumu kiwanda, angelaumu bahati, angesema amerogwa. Lakini hakuna kilichoungua. Moto ulikuwemo wakati wote, umo ndani ya kiboksi, mzima, na barabara ilikuwa wazi, na mstari ulikuwa mbele. Kilichomtoa kwenye mbio ni skrubu nane na mahali alipozifunga.

Mkewe akafungua mlango wa kushoto, akaonyesha miguuni pake. "Baba Tumsifu, hapa nafasi ipo," akamwambia. "Ilikuwepo tangu mwanzo."

Akachukua bisibisi. Palepale barabarani, hakuna anayepiga picha, akazitoa zile skrubu.

Sasa nageukia kwetu. Msinitazame kama mnatazama mbio, nyie mmo kwenye hizo mbio.

Sisi hapa tunapenda sana neno moto. Tunalipigia kelele mpaka majirani wanafunga madirisha. Lakini tunachanganya moto na joto. Kumbukeni yule mama fundi: vinatoa moto, havipendi moto. Nianze na mimi mwenyewe. Jumapili iliyopita nilihubiri hapa mpaka koti likalowa, mkaniambia mchungaji leo umewaka. Nikafika nyumbani, mke wangu akaniuliza jambo dogo tu la bomba linalovuja jikoni, nikamjibu kama askari wa geti. Joto nilikuwa nalo, ndugu zangu. Cheche sikuwa nayo. Na nilijua sababu, kwa sababu juma lile lote sikuwa nimekaa peke yangu na Mungu hata mara moja bila kuwa natafuta cha kuwaambia nyie.

Tumeifunga imani yetu mbele, kwenye bati linalong'aa. Huruma yako inaonekana msibani watu wakiwepo. Maombi yako ni marefu kipaza sauti kikiwa mkononi. Boneti ikiwa juu, unapendeza. Lakini robo saa ya kusimama itakuja, na hukuiomba. Utasimamishwa na ugonjwa, utasimamishwa na kustaafu, utasimamishwa kwenye foleni ya maisha wakati wenzako wanaruhusiwa mmoja mmoja, bila upepo, bila mtu wa kushangilia. Hapo ndipo tunajua ulifunga wapi.

Unaniambia una akiba. Una mkeo anayekuombea, una rafiki wa kweli mmoja, una ile imani ya utotoni. Vizuri. Na hiyo akiba umeiweka wapi? Mke ulimtembelea lini, hata kama mnalala nyumba moja? Rafiki mliongea lini jambo lisilo la kamati? Umeipika akiba kabla hujaitumia.

Mahali papo. Padogo, pakavu, chini ya dashibodi, hapaonekani na mtu. Kuna kona ya nyumba yako ambapo unaweza kukaa kimya na Mungu bila hadhira. Kuna msamaha unaoweza kuutoa pasipo kumsimulia mtu. Hakuna atakayekupiga picha huko, ila plagi zitakuona.

Na usiniambie wewe umeshaungua. Nawakataza hilo neno. Hujaungua, umepata joto. Poa, kisha hama.

Najua baadhi yenu mmefika hapa leo kwa kamba. Mwingine kavutwa na mke, mwingine kavutwa na mama yake mzazi tangu saa kumi na mbili, ninawaona, na sura mmezikunja bado. Karibuni sana. Yule mtu alirudi mtaani jioni ile akiwa wa mwisho, hakuna aliyebaki barabarani kumpokea, lakini alirudi akiunguruma, na mkewe yuko kwenye kiti cha kushoto, viboksi vya moto viko magotini pake, kamba imebaki juu ya trekta. Yeye mbio zake zilikuwa zimekwisha ndipo akaelewa. Zetu bado zinaendelea. Tunapoinamisha vichwa sasa, simwiti mtu mbele. Baki hapohapo ulipokaa, ushike bisibisi yako, na ukitoka kwenye huo mlango, kamba waachie wahudumu.