Bi Kanga na Jongoo wa Kwanza

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika huku anapiga miayo? Ngano haiitikiwi hivyo. Tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Wakubwa sogeeni, watoto kaeni mbele, na anayetafuna atafune polepole.

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na bustani ya wanyama. Ilikuwa na matuta ya mtama. Ilikuwa na matuta ya kunde. Katikati ulisimama mlonge, na chini ya mlonge palikuwa na mtungi mkubwa wa maji ambao wanyama waliujaza kwa zamu kutoka kisima cha mbali. Kando ya bustani ulipita mto, lakini mwaka ule mto ulikuwa mchanga mtupu.

Kiangazi kilikuja, kikakaa. Kikakaa, kikakaa, kikakaa, mpaka wanyama wakasahau harufu ya tope. Ukikanyaga majani, kacha, kacha! Ukipiga chafya, vumbi linaruka.

Sasa sikilizeni habari ya mbegu. Baada ya mavuno kila mnyama alipewa mbegu zake azitunze. Kima alizila siku ya tatu, akasema alikuwa anazionja tu. Nungunungu alizifukia shimoni, kisha akasahau shimo liko wapi. Msicheke, watu wa namna hiyo tunao humu humu. Aliyebaki na mbegu alikuwa mmoja, Bi Kanga. Alikuwa na kibuyu kimoja cha mtama, amekiziba kwa gunzi la hindi, na usiku alikilalia kama anayeatamia mayai.

Vifaranga wake sita walikuwa na njaa. Kila asubuhi walikitazama kibuyu.

"Mama, punje moja tu!"

"Hizi si za kula, wanangu. Hizi ni za bustani nzima. Zikiisha hizi, hakuna mtama tena."

Alisema hivyo kwa ukali, kisha akageuka asiwaone wakilia. Iliuma, jamani. Mzazi yeyote hapa anajua ilivyouma.

Na wanyama wale walikuwa na desturi yao. Hawakupanda kwa kuhesabu siku. Walipanda kwa dalili. Ndege dudumizi akilia asubuhi, jongoo akitoka ardhini, mchwa wakifungua milango ya kichuguu, hapo walijua mvua iko njiani. Na yule aliyeiona dalili ya kwanza alisifiwa msimu mzima. Akipita, watu wanasimama. Akiongea, watu wananyamaza.

Basi Nguchiro aliitamani sifa hiyo kweli kweli. Nguchiro mnamjua, mrefu, mwembamba, haraka mbele akili nyuma. Mwaka ule alikuwa ameapa kwamba hatagusa tena mayai ya jirani. Kama alitimiza, mimi sijui, msiniulize. Kila siku alikimbia bustanini, pua chini, mkia juu, akitafuta dalili.

Siku moja asubuhi akapiga kelele.

"Jongoo! Jongoo ametoka! Nimemwona mimi! Mimi wa kwanza!"

Wanyama wakaja mbio. Kima akaja, Nungunungu akaja, cha-cha-cha na miiba yake. Bi Kanga akaja na vifaranga sita nyuma. Wakatazama chini ya mlonge. Kweli! Jongoo mweusi anatembea, miguu yake yote inakwenda pamoja. Na pembeni yake majani mabichi yamechomoza, kijani kibichi hasa.

"Mvua hiyo!" akasema Kima. "Bi Kanga, lete mbegu!"

Bi Kanga akasitasita. "Dudumizi sijamsikia."

"Dudumizi amelala," akajibu Kima.

"Na mchwa je?"

"Mchwa watakuja, shoga. Unataka mvua ikupigie hodi mlangoni?"

Nungunungu akakunja uso. "Au hutaki kutoa? Sema tu kwamba umezifanya zako."

Hapo wakaanza kuimba, na ninyi itikieni kama alivyoitikia Bi Kanga:

Kanga we, panda!

Bado!

Jongoo katoka, panda!

Bado!

Watoto wana njaa, panda!

Ba...

Hakumaliza. Akawatazama wanawe sita, shingo zao nyembamba, midomo wazi. Akachomoa gunzi. Akamwaga nusu ya mbegu, nusu akaibakiza, na ile iliyomwagwa wakaipanda siku ile ile kwa shangwe. Nguchiro alipita katikati ya matuta kifua mbele. Kila aliyepita alisimama.

Siku ya kwanza, jua. Siku ya pili, jua. Siku ya tatu, jua la kukaanga.

Siku ya nne Bi Kanga akaenda kutazama matuta. Akachakura, paru, paru, paru. Hakuna mbegu. Akachakura tuta la pili, paru, paru, paru. Hakuna. Kumbe sisimizi wamezibeba! Mstari mrefu, kila mmoja na punje yake, wanaingia shimoni mwao bila hata salamu. Zilizosalia zilikuwa zimekauka zikawa ganda tupu.

Bi Kanga akasimama pale tuli. Halafu, maana hakujua la kufanya, akaenda mpaka pale alipoonekana jongoo. Akachakura palipo na majani mabichi. Tope! Akasogea hatua mbili, akachakura. Vumbi! Akarudi, tope. Akasogea, vumbi. Akainua macho akautazama mtungi. Mtungi ulikuwa na ufa mdogo chini, na maji yanatoka, tone, tone, tone.

"Lo! Jongoo huyu hakuona mvua. Ameona mtungi unavuja!"

Habari ikaenea. Wanyama wakamgeukia Nguchiro. Wale wale walioimba!

"Mwongo!" akasema Kima.

"Mpumbavu!" akasema Nungunungu.

Nguchiro akasema, "Lakini jongoo mlimwona wote."

Hakuna aliyemsikiliza. Na mimi nawaambia, Nguchiro hakusema uongo. Aliona kweli, ila aliona padogo. Kuanzia siku hiyo akipita, watu hawasimami, wanacheka. Akifungua mdomo, wanamwuliza kwa sauti ya kumwigiza, "Jongoo yuko wapi leo?" Akawa hakimbii tena bustanini. Akawa hasemi.

Bi Kanga naye hakumcheka, lakini hakumsalimia. Nusu ya mbegu, jamani! Kila alipokitikisa kibuyu na kusikia kilivyopungua, hasira zilimpanda upya.

Zikapita siku. Asubuhi moja Bi Kanga akamwona Nguchiro karibu na kichuguu. Anakizunguka, anasimama, anatazama kushoto, anatazama kulia, anakizunguka tena.

"We Nguchiro! Unatafuta nini hapo?"

"Hamna kitu, Bi Kanga."

"Mbona unazunguka?"

"Nanyoosha miguu."

"Sema kweli."

Nguchiro akatazama chini. "Nikisema mtacheka."

"Mimi nimewahi kukucheka?"

"Hujacheka. Hujanisalimia pia."

Maneno hayo yalimchoma Bi Kanga, maana yalikuwa ya haki. Alitamani kwenda zake. Moyoni alisema, "Huyu alinipotezea nusu, leo anataka nusu ya pili?" Halafu akawaza, "Na je, kama leo ameona?"

Akasema, "Haya, nionyeshe. Sikuamini, wala sikukatalii. Twende tukachakure."

Nguchiro akamwonyesha. Mchwa walikuwa wamefungua milango. Vishimo vidogo vidogo vimejaa kwenye kichuguu, na ndani ya kila kishimo kumbikumbi wanachungulia, mabawa yamekunjwa.

"Ni dalili," akasema Bi Kanga. "Lakini ni hapa tu. Tukaone kwingine."

Wakaenda kwenye matuta, mbali na mtungi. Paru, paru, paru. Udongo wa chini ulikuwa baridi, na jongoo wawili wakajiviringisha. Wakaenda mtoni, kwenye mchanga mkavu. Paru, paru, paru. Mara sauti kutoka chini:

"Taratibu! Huo mgongo wangu!"

Alikuwa Chura.

"Samahani sana, bwana Chura," akasema Bi Kanga. "Ulikuwa umelala?"

"Nililala kiangazi chote. Leo nilikuwa njiani natoka, hata bila kuchakurwa. Hamsikii?"

Wakanyamaza. Wakasikia. Kutoka vichakani ng'ambo ya mto, du-du-du-du-du-du, sauti inashuka polepole kama maji yanayomiminwa chupani. Dudumizi!

Bi Kanga akakimbia kuchukua kibuyu. Akaita kwa sauti yote, "Pandeni! Njooni tupande!" Na safari hii wanyama ndio waliojibu. Itikieni:

Dudumizi kalia, pandeni!

Bado!

Mchwa wamefungua, pandeni!

Bado!

"Nani ameona?" akauliza Nungunungu.

"Nguchiro ameona, na mimi nimetazama mahali patatu."

Walivyosikia jina hilo! Kima alicheka mpaka akaanguka kutoka tawini. "Nguchiro tena? Bi Kanga, utawaua watoto wako!"

Bi Kanga akaogopa. Sitawadanganya, aliogopa sana. Hiyo ilikuwa nusu ya mwisho. Akikosea leo, bustani haina mtama, na wanawe sita hawafiki mwezi mwingine. Akawatazama wale wanaocheka. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuchakura. Akawapa mgongo, akachomoa gunzi, akapanda mbegu zote. Yeye anatia, Nguchiro anafukia. Anatia, anafukia. Wakamaliza jua likiwa kichwani.

Wakangoja. Kima akapiga miayo kwa makusudi.

Alasiri upepo ukageuka. Vuuu! Wingu likapanda, jeusi tititi. Tone moja likaanguka vumbini, pa! La pili, pa! Pa, pa, pa! Halafu mbingu ikafunguka, waaaaa! Kumbikumbi wakaruka kwa maelfu, na vifaranga sita wakakimbia huku na huku wakiwadaka, wakala mpaka matumbo yakawa duara. Kima na Nungunungu walijificha chini ya mlonge. Wakatazamana wao kwa wao.

Bi Kanga akawakusanya wanawe chini ya mabawa. Akahesabu, sita. Akatazama nje, akamwona Nguchiro amesimama peke yake katikati ya matuta, amelowa chapachapa, anatetemeka.

"We Nguchiro! Mbona huingii?"

"Naogopa, Bi Kanga."

"Unaogopa nini?"

"Nikiondoka, itakatika. Watasema nilidanganya."

Bi Kanga machozi yakamtoka. Akatoka mvuani, akamfuata mpaka kwenye tuta, akamwambia, "Njoo. Hata ikikatika, mimi nilikuja nikaona kwa macho yangu." Akafungua bawa moja. Nguchiro akaingia, katikati ya vifaranga, akakaa, meno ameyaficha. Mvua ikanyesha mpaka asubuhi.

Mtama uliota, ukakua, ukazaa. Wanyama wote walikula, hata waliocheka.

Na mafunzo ya ngano hii, wakubwa na wadogo, ni haya. Usishike habari kwa sababu wengi wanaiimba, wala usiitupe kwa sababu aliyeileta alikosea jana. Nenda ukachakure mwenyewe, tena zaidi ya mahali pamoja. Na aliyekosea akisema kweli, mfungulie bawa.

Ngano yangu nimeifikisha, na hapa ndipo ilipoishia.