Boliti Moja na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu, na mwenye karanga agawe, maana hadithi hii nimeibeba siku nyingi na imenishinda. Leo nawatwika ninyi.

Kulikuwa na watu watatu pale gereji ya njia panda, kule Tukuyu, ambako mvua hainyeshi tu, inahamia kabisa. Mzee Gwamaka, fundi mkuu, alijaliwa sikio. Aligonga chuma kwa nyundo ndogo, akakwambia kinaumwa wapi, ingawa mikono yake siku hizi ilitetemeka hata chai ikamwagika. Tusajigwe, dada wa kuchomelea vyuma, alijaliwa mkono. Angeweza kukuunganishia miguu ya siafu, na siafu akaondoka zake salama. Na Bibi Subilaga, muuza uji, alijaliwa mdomo. Msicheke! Wapo waliofika pale wamekata tamaa, wakaondoka na kikombe cha uji na maneno ya bibi yule, wakarudi kazini.

Asubuhi moja ikaingia pikapu ya Ipyana, inatoa mvuke. Ndani alikuwamo mkewe, Atupele, uchungu umeshamwanza. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, mlima wenyewe tope tupu, na siku ile hapakuwa na gari jingine la kuupanda. Atupele hakulia. Alishika tumbo akamkumbuka mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kando ya barabara hiyo hiyo, akatoka kimya na kuzikwa bila jina. Aliomba jambo moja tu, siku ile isijirudie.

Iliyokufa ilikuwa pampu ya maji ya kupoza injini. Mpya ilipatikana palepale. Ile mbovu ilishikwa na boliti nne. Tatu zikafunguka bila maneno. Ya nne ilikuwa imekula kutu, na Ipyana, kwa woga wake, hakumsubiri fundi. Akaivuta kwa nguvu zote. Kah! Kichwa kikabaki kwenye spana, mwili ukakatikia ndani ya injini.

"Nimekwisha," akasema, akakaa kwenye tope.

Atupele akatoa kichwa dirishani. "Jamani! Atakayeitoa boliti hiyo, huyu mtoto atakuwa somo yake. Atabeba jina lake. Nasema mbele ya Mungu."

Jina si pipi ya kugawa njiani.

Mzee Gwamaka akainama. Akachanganya dizeli na mafuta ya breki, akadondoshea tone moja moja penye kutu, huku akigonga taratibu, tik, tik, ametega sikio. Ipyana akamwambia, "Mzee, fanya haraka!" Mzee akajibu, "Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa, mwanangu." Akagonga mpaka mlio ukabadilika. "Mafuta yameingia," akasema. "Lakini imekatika sawasawa na chuma, haina pa kushika. Mwiteni Tusajigwe."

Tusajigwe akaja na waya zake. Akaweka nati juu ya kile kisiki cha boliti, akaichomelea kwa ndani. Ikang'oka. Akarudia, ikang'oka tena, na cheche ikamwunguza mkono. Hakuutoa. Mkono ungeteleza kidogo tu, injini ingetoboka na safari ingeishia pale. Mara ya tatu nati ikashika. "Haya," akasema, akipuliza kidonda, "pa kushika pamepatikana."

Mikono ya Mzee ilikuwa inatetemeka, ya Tusajigwe imeungua, kwa hiyo spana akapewa Ipyana. Akavuta kushoto, upande wa kufungulia. Wapi! Akavuta tena, nati ikaanza kulia, karibu ing'oke.

Wakati huo huo Bibi Subilaga alikuwa garini, amemkumbatia Atupele kwa nyuma. Uchungu ukaja mkubwa, Atupele akasema, "Bibi, siwezi tena." Bibi akapaza sauti, "Unaweza! Kaza, mwanangu, kaza! Kaza!"

Ipyana akadhani anaambiwa yeye. Akili yake yote ilikuwa kwa mkewe, akatii bila kufikiri. Akageuza spana kulia, akakaza.

"We! Umefanya nini?" Mzee akapiga kelele.

Krik! Kutu ikapasuka. Ipyana akarudisha kushoto, na boliti ikatoka taratibu, nzima nzima, ikinuka mafuta.

Pampu ikafungwa, mlima ukapandwa. Atupele akajifungua hospitali, mtoto wa kike, na kilio chake kilisikika mpaka getini. Atupele naye akalia, safari hii kwa furaha.

Siku ya nane wale watatu wakaja kumwona mtoto.

"Boliti kavu haitoki," akasema Mzee Gwamaka. "Mafuta yangu ndiyo yaliyoilegeza. Na sikufichi, mwanangu, mimi sikujaliwa mtoto. Nikiondoka, jina langu naondoka nalo."

"Heshima yako, Mzee," akasema Tusajigwe, "lakini bila nati yangu spana ingeshika nini? Upepo? Tena huyu ni msichana. Aitwe Gwamaka?"

"Jina halivai sketi wala suruali."

Wakacheka. Bibi Subilaga alikuwa anambembeleza mtoto mikononi. Mwishowe akasema, "Mimi simo. Sikuwa nasema na boliti, nilikuwa nasema na Atupele."

"Lakini niliyemsikia ni wewe," akasema Ipyana. "Kuvuta kushoto nilijua tangu mwanzo, na ndiko kulikoikata."

Wote wakamtazama Atupele. Moyo wake ulimvuta kwa Bibi, kwa sababu ile sauti ilimshika mpaka mlango wa hospitali. Lakini ahadi yake haikuwa ya moyo, ilikuwa ya boliti. Akautazama mkono wa Tusajigwe, kidonda bado kibichi. Akamtazama Mzee, aliyemwomba waziwazi bila kuona haya. Ampe mmoja, awaumize wawili. Na mtoto ana siku nane, hana jina.

Mimi nimeishia hapo. Ninyi mmekula karanga, sasa fanyeni kazi. Mtoto huyo ameamka, anamtazama mama yake, anangoja kuitwa. Je, wewe ungemwita nani?