Goti la Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Watoto kaeni mbele, wakubwa nyuma, na anayejikuna aache kujikuna, maana ngano yenyewe ni ya upele.

Hapo zamani za kale, upele uliingia katika bonde moja la wanyama. Wakajikuna kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Nyani akajikuna kwa vidole. Ngiri akajikuna kwa mti. Na Digidigi, mwenye kwato tupu, ajikune kwa kitu gani? Upele humwota asiye na kucha.

Wakaja Korongo kutoka mbali, miguu mirefu, roho nzuri. Wakachimba bwawa. Wakapanda kichaka cha dawa ukingoni. Majani yake yakilowekwa, maji hugeuka manjano, na mgonjwa akioga siku tatu mfululizo, upele hukimbia. Wanyama wakubwa waliingia wenyewe. Wadogo walibebwa na Korongo kwa midomo yao, wakachovywa, wakatolewa. Ikawa hivyo miaka saba. Si sita, wala si minane. Saba.

Mwaka wa saba mkuu wa Korongo akasema, "Ndugu zetu, kazi sasa ni yenu. Mwenyekiti ni Mzee Ngiri. Mhudumu ni Mama Nguchiro. Sheria ni moja tu. Maji yafike wapi?"

"Gotini!"

"Wapi?"

"Gotini!"

"Vizuri. Masika yakipita tutamtuma mkaguzi. Akikuta kazi inakwenda, kichaka ni chenu. Akikuta imelala, tutaking'oa tukakipande bonde jingine."

Pu! Pu! Pu! Wakaruka, wakaenda zao.

Kesho yake Mama Nguchiro akaingia bwawani kujaribu. Maji yakapita goti. Yakapita kifua. Yakapita pua. Akatoka akikohoa. Mdomo mrefu wa kuwachovya wadogo hana. Kucha anazo. Akachimba. Chaka-chaka, chaka-chaka, akachimba kidimbwi pembeni, akakitolea mfereji kutoka bwawani. Maji yakafika goti la Digidigi. Wagonjwa wakaja, wakajigaragaza, wakapona, wakaenda malishoni.

Masika yakapita. Habari zikaja kwamba Bibi Heroe, mkaguzi, yuko njiani. Mzee Ngiri akaja mbio, mkia juu.

"Mama Nguchiro! Fukia hicho kidimbwi!"

"Kwa nini, Mzee?"

"Hakimo katika sheria."

"Lakini ndicho kinachoponya."

"Kuponya ni kuponya, na ukaguzi ni ukaguzi! Unataka kichaka king'olewe kwa ukaidi wako?"

Mama Nguchiro akakitazama kichaka. Aliwakumbuka wanawe walivyokuwa wakijikuna hadi damu. Kichaka kikiondoka, upele utarudi. Lakini kukifukia kidimbwi, mikono ilikataa. Akakifunika kwa matete.

Bibi Heroe akatua, ndege wa rangi ya waridi, miguu mirefu kama ya Korongo, shingo imejipinda. Akatia mguu bwawani.

"Maji yamefika gotini. Vizuri. Wagonjwa wako wapi? Naona bwawa tupu."

"Wapo, Bibi, wapo tele!" akasema Ngiri, jasho linamtoka. Akaangaza huku, akaangaza huku. Akamwona Mama Digidigi anakuja na mtoto wake, upele umemjaa masikioni. "Huyu hapa! Ingia, mtoto, ingia bwawani!"

"Humo?" akauliza Mama Digidigi. "Mbona siku zote tunaoga pale…"

"Aingie, mama, usitutie aibu mbele ya mgeni!"

Mtoto akaingia. Chubwi! Magoti hayaonekani. Kifua hakionekani. Yakabaki masikio mawili. Likabaki sikio moja. Yakabaki mapovu, blu, blu, blu.

"Goti limefunikwa," akasema Bibi Heroe.

"Mwanangu!" akalia Mama Digidigi.

Chubwi! Mama Nguchiro alikuwa amekwisha ruka. Akazama, akamkamata mtoto ukosi kwa meno, akamburuta hadi ukingoni. Mtoto akakohoa. Akapiga chafya. Akalia. Alhamdulillahi, analia!

"Mama Nguchiro! Mbele ya wageni!" akanong'ona Ngiri.

Mama Nguchiro, maji yanamchuruzika, akayapiga teke matete. "Bibi Mkaguzi, kazi yetu iko hapa. Kule tulikuwa tunacheza ngoma yako."

Bibi Heroe akatia mguu kidimbwini. "Hayafiki hata kifundo."

"Kifundo chako, Bibi."

"Sheria inasema goti."

"Goti la nani?"

Bibi Heroe akautoa mguu kidimbwini.

"Nani aliwaruhusu kubadili?"

"Upele, Bibi."

"Na mbona sioni wagonjwa?"

"Waliopona hawakai bwawani kungoja mkaguzi. Twende malishoni."

Wakaenda. Bibi Heroe akamtazama Sungura ngozi. Safi. "Ulipona wapi?" "Kidimbwini." Akamtazama Kanu. Safi. "Ulipona wapi?" "Kidimbwini." Akamtazama Bweha. "Nimepona kidimbwini," akasema Bweha, "ila huyo mama husugua kwa nguvu mno! Andika na hilo."

Waliporudi, Bibi Heroe akakunja miguu yake, polepole, mmoja, halafu wa pili. Akashuka mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya mtoto wa Digidigi. Akalitazama bwawa kutoka huko chini. Akalitazama sana.

"Korongo hawakuniambia kwamba mna miguu mifupi."

"Hawakuuliza, Bibi."

Akaruka na habari zake. Mama Nguchiro akangoja siku nne, kila asubuhi akitazama kichaka kama bado kipo. Siku ya tano mjumbe wa Korongo akatua.

"Kichaka ni chenu," akatangaza. "Na sheria ni hii: maji yafike goti la mgonjwa. Kama sisi Korongo tulivyosema tangu mwanzo."

Mzee Ngiri akakohoa. "Nami ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia hawa kila siku."

Mama Nguchiro akamtazama Korongo. Akamtazama Ngiri. Akachekea moyoni.

"Ndiyo, wazee wangu. Sasa nipisheni njia, kuna mgonjwa."

Basi, wasikilizaji, anayemwachia mwenzake kazi amwachie na nafasi ya kuifanya kwa kimo chake. Na anayekuja kuipima asipime maji. Apime ngozi za waliooga.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia.