Sange na Kigae Kinachokumbuka

“Sasa nitakishika wapi?”

Sange aliuliza hivyo mlangoni, na hakuna aliyemjibu. Liwekeni swali hilo, wenzangu, tutalirudia. Paukwa.

Pakawa.

Pakawa yenu imesinzia. Wa nyuma nao waitike. Paukwa.

Pakawa.

Haya. Hapo kale, kale ya mabibi wa mabibi zetu, palikuwa na bonde la mchanga mweupe. Humo bondeni mlikuwa na karakana ya Bi Buibui. Bi Buibui aliyeyusha mchanga, akaukata vigae vyembamba kama ganda la kitunguu. Juu ya kila kigae akachora vijia, vijia vyembamba kuliko unywele. Kisha akadondosha humo cheche ya radi. Cheche ikatembea, chi-chi-chi, na kigae kikaanza kukumbuka.

Kigae kimoja kilikaa kwenye lango la chemchemi. Kilikumbuka saa ya kuyafungua maji na saa ya kuyafunga. Bonde zima lilikunywa kwa sababu kigae kile kilikumbuka.

Lakini kilizeeka. Kikaanza kusahau. Leo maji asubuhi, kesho adhuhuri, keshokutwa hakuna. Bi Buibui akaanza kuchora kipya, naye kazeeka vilevile: kati ya macho yake manane, matano yamefifia. Akawa analalamika kutwa, “Mafundi hakuna. Vijana wa siku hizi hawajui kitu.”

Vijana walikuwepo. Walikuwa ng’ambo ya kijito tu, shuleni kwa Mwalimu Hondohondo.

Huko ndiko alikosoma Sange, mnyama mdogo kama panya, pua ndefu inayotikisika kama inanusa habari. Miaka mitatu alisoma. Mwalimu akiuliza, “Kijia ni nini?” Sange hujibu, “Ni pale inapopita cheche.” Akiambiwa achore, huchora kwa chaki kwenye jiwe jeusi, vijia vipana kama mkia wa kenge. Kigae chenyewe hajakiona. Mwalimu anasema kipo, basi kipo.

Alipohitimu akaenda karakanani kwa Bi Buibui. Ngo, ngo.

“Umewahi kushika kigae?” akauliza Bi Buibui.

“Sijawahi, Bibi. Shuleni hatuna.”

“Nenda. Ukishakishika, urudi.”

“Sasa nitakishika wapi?”

Mlango, pu. Upepo, vuuu. Basi.

Akarudi siku ya pili. Ngo, ngo. Yaleyale. Siku ya tatu akaweka pua yake kwenye upenyo mlango usifungike.

“Toa hilo pua.”

“Nitalitoa nikishaona, Bibi.”

Bi Buibui akachoka. “Ingia. Tazama, usiguse.”

Sange akaingia. Asubuhi ile hakuoga. Alikuwa ameiacha chaki manyoyani kwa makusudi, ijulikane kwamba yeye ni msomi. Akainama kukitazama kigae kipya, kazi ya siku arobaini. Chembe moja ya chaki ikadondoka.

Ti.

Cheche ikasimama. Kigae kikafa.

“Shule gani hiyo,” Bi Buibui akasema polepole, “inayowafundisha kuja na vumbi?”

Jioni ile kigae cha zamani nacho kikasahau kabisa. Lango likajifunga. Mama yake Sange akaenda chemchemini na kibuyu, akarudi nacho kitupu, wala hakumuuliza mwanawe kitu. Hilo ndilo lililomuuma Sange zaidi.

Kulipokucha akamwendea mwalimu. “Miaka mitatu, Mwalimu. Mbona hukutuambia kwamba chaki inaua?”

Hondohondo akainamisha mdomo wake mkubwa. “Sikujua, mwanangu. Sijawahi kuingia mle.”

“Hujawahi?”

“Niligonga, ujanani. Nikaulizwa kama nimewahi kushika kigae. Nikarudi zangu, nikafungua shule.”

Sange alikuja na maneno makali, amejipanga. Yakamwishia mdomoni. Akamshika mwalimu wake ubawa. “Twende kijitoni kwanza, kwenye kile kidimbwi kilichobaki. Tuoge.”

Wakaoga mpaka maji yakawa meupe. Wakaenda. Ngo, ngo.

“Bibi,” Sange akasema, “wewe unalia huna mafundi. Huyu analia hana vigae. Kijito kimoja kinawatenga, kinavukika kwa hatua moja, na bado hamtembeleani. Kiu ni yetu sisi.”

Bi Buibui akakaza macho matatu yaliyobaki. “Ni wewe, Hondohondo? Nilidhani ungerudi.”

“Uliniambia nirudi nikishashika.”

Bi Buibui akageuka. Akaingia ndani, akatoka na kapu la vigae vilivyokufa. “Hivi vipeleke shuleni. Vimeshakufa, haviogopi chaki. Kila juma siku moja nitakuja mimi, siku moja waje wanafunzi wako, wameoga. Na wewe mwenye pua, njoo hapa. Mimi sioni tena.”

Akaweka kigae kingine kipya mezani, akatia mguu wake mwembamba chini ya kiganja cha Sange. “Polepole. Usipumue. Kijia hiki kinakwenda wapi?”

“Kinapinda kushoto, Bibi.” Ncha ya pua na sharubu zake zilikisikia pale ambapo macho yalishindwa.

“Basi kifuate.”

Siku kumi na mbili walichora. Hondohondo aliwachotea wote tope la kidimbwini, wanyonye maji yaliyobaki humo, akasimama mlangoni, akauliza kila kitu kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ya kumi na tatu wakakiweka kigae langoni. Chi-chi-chi. Kimya. Kisha chururu, chururu. Mama yake Sange akajaza kibuyu, akampa Sange anywe kwanza.

Funzo ni hili, nalisema wazi: mwenye kazi asimlaumu asiyejua ikiwa alimfungia mlango, na mwalimu asifundishe kazi bila kwenda kuitazama. Mafundi huandaliwa na wawili hao pamoja.

Hadithi yangu imefika kisimani, imetua mtungi.

Nawe uliyenisikiliza, kama una karakana, tafadhali kesho mwache mwanafunzi mmoja aingie na ashike.